Maji ya mjini, afya ya vijijini: ziwa linatuhusu nini sisi wa Nyabibuye?

Kamati kadhaa za sharika zimetuuliza kwa nini tunazungumzia Ziwa Tanganyika wakati Nyabibuye iko milimani, mbali na ufukwe. Wafadhili nao huliuliza kwa namna nyingine: inakuwaje watu wanaoishi kando ya ziwa kubwa namna hii waugue kwa kukosa maji safi? Tujaribu kueleza.

Ziwa lenyewe si adui. Kina chake ni karibu meta 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na maji ya mbali na pwani ni masafi. Shida iko pembeni, mahali watu wanapooga, kufua, kuosha vyombo, kuteka maji ya kunywa na, kwa bahati mbaya, kujisaidia. Mvua ikinyesha, maji yanayotelemka kutoka kwenye makazi ya vilimani huzoa uchafu wa vyoo vifupi na kuupeleka pale pale ndoo inapochotewa.

Jambo hili lilifahamika zamani. Mwaka 1854 daktari John Snow alilinganisha nyumba za London zilizoletewa maji na kampuni mbili. Moja ilichota mto Thames mahali palipojaa maji taka ya mji. Nyingine ilikuwa imehamishia bomba lake juu ya mto, mwaka 1852. Waliokufa kwa kipindupindu katika nyumba za kampuni ya kwanza walikuwa wengi mno kuliko wa ile ya pili. Mto ulikuwa mmoja, ila mahali pa kuchota palitofautiana.

Kwetu somo hilo lilikuja kwa uchungu. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Vyoo havikutosha na maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa. Kufikia Mei 22, wagonjwa walikuwa wamefika kama 3,000 na waliofariki 31, wakiwemo Watanzania. Meli ya Liemba iliwachukua watu hadi mjini Kigoma, wakapokelewa katika uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu wilayani Kasulu. Hivyo ugonjwa wa ufukweni unaweza kufika milimani kwa siku chache tu.

Ng'ambo ya ziwa, katika mji wa Uvira, watafiti walifuatilia kumbukumbu za kituo cha tiba ya kipindupindu za mwaka 2009 hadi 2014. Waliona kwamba bomba la mji likikatika, wagonjwa waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata. Sababu inaeleweka: mama akikuta bomba kavu atakwenda ziwani au mtoni. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo ambalo wafadhili hulisahau. Kujenga bomba na kupiga picha siku ya uzinduzi hakutoshi. Fedha za mafuta ya pampu, vipuri na fundi zisipokuwepo, watu watarudi kule kule.

Isidhaniwe kwamba tunawataka watu waukimbie ufukwe. Utafiti wa Uingereza uliotumia sensa ya mwaka 2001 ulionyesha kuwa wanaoishi karibu na bahari hujieleza kuwa na afya njema zaidi. Anayepunga upepo Ujiji jioni hahitaji kuambiwa. Ziwa pia hutupa dagaa na migebuka, chakula cha kujenga mwili. Lakini mtoto anayecheza kwenye maji yenye konokono anaweza kupata kichocho, na ziwa likipanda, kama lilivyofurisha mitaa ya Bujumbura na Uvira mwaka 2024, vyoo vya pwani huzama pamoja na nyumba.

Nasi wa juu tuna sehemu yetu. Vijito vingi vya Kibondo na Kakonko huingia katika Malagarasi na Muyovozi, na Malagarasi humwaga maji yake ziwani, karibu na Ilagala. Choo kilichochimbwa ukingoni mwa kijito humdhuru kwanza jirani anayeteka maji chini yake.

Tunaomba kila kamati, kabla ya mvua za Novemba, itembelee chemchemi zake na kuandika zipi hazina uzio na choo kipi kiko juu yake. Orodha hiyo iletwe kwa mratibu pamoja na taarifa ya mfuko wa maji. Na anayerudi kutoka ziwani akiharisha apelekwe zahanati mara moja, huku njiani akinyweshwa maji salama lita moja yaliyochanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.