Lamu kwa Saa za Wenyewe

Mgeni anayejipangia siku mbili tatu za kutembea Lamu kwa kawaida huanza na majengo: Ngome iliyokamilika miaka ya 1820, Makumbusho ya pwani, magofu ya Takwa kisiwani Manda. Yote yanastahili kutazamwa. Hata hivyo, mji huu ambao Unesco iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001 una saa zake, na ratiba isiyozijua humwacha mtu nje ya milango iliyofungwa, tena na njaa.

Chakula ndicho kinachoonyesha saa hizo waziwazi. Baada ya swala ya alfajiri huanza mahamri na mbaazi za nazi, na anayeamka saa tatu atakuta mabaki. Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, majumbani zaidi kuliko mikahawani. Halafu mji hulala kidogo. Jua kali, vichochoro vitupu, punda wamesimama kivulini. Alasiri ikipita, moto huwashwa tena: viazi vya karai, bajia, mishkaki, na mkate wa mofa unaobandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo. Ikishaswaliwa isha, wazee hukaa barazani na kahawa chungu yenye tangawizi, pamoja na kipande cha halua. Hapo ndipo habari za mji husikika, na mgeni aliyetoa salamu vizuri hukaribishwa.

Salamu ina uzito. Kijana humwamkia mzee shikamoo kabla ya kuuliza njia, na anayefika nyumbani kwa watu hupiga hodi akangoja. Nyumba zenyewe zimejengwa kwa adabu hiyo: mbele kuna daka lenye viti vya mawe, mahali pa kumpokea mwanamume asiye wa nyumbani, na njia ya kuingilia imepindishwa ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari ni fupi. Ukutani mna zidaka za chokaa zilizonakshiwa, kazi nzuri kupita picha yoyote itakayopigwa.

Bahari nayo ina saa yake. Kwenda Takwa kwa mashua hutegemea maji kujaa, maana mkondo wa mikokoni hukauka yakitoka, kwa hiyo aulizwe nahodha kwanza, ndipo ipangwe siku. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa. Mwezi wa Ramadhani mchana hauna mapishi ya kuuzwa mitaani, ila futari ya jioni ni karamu ya mji mzima.

Mwenye nafasi ya kuchagua mwezi achague Mfunguo Sita, wakati wa Maulidi kwenye Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh aliyetoka Ngazija. Kuna kasida, goma la fimbo, mashindano ya punda na ya mashua. Vyumba vya wageni hujaa mapema, basi nafasi iwekwe kabla. Avae nguo za stara, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na anunue kwa akina mama wanaopika mitaani: chakula chao ndicho bora Lamu.