Kwa nini plagi za pikipiki kuukuu za masafa marefu huwatoa mafundi jasho

FUNDI aliyezoea kutengeneza pikipiki za bodaboda hubadilisha plagi kabla mteja hajamaliza kikombe cha chai. Katika pikipiki hizo ndogo zenye silinda moja, plagi huwa wazi ubavuni mwa injini na spana moja hutosha. Hata hivyo, mletee fundi huyo pikipiki kubwa ya masafa marefu iliyoundwa miaka ya themanini, na huenda akaizunguka mara mbili bila kuona plagi hata moja.

Mfano mzuri ni Kawasaki GTR1000, inayojulikana Amerika Kaskazini kwa jina Concours, ambayo kampuni hiyo ya Japani iliiunda kuanzia 1986 hadi 2006. Injini yake ya cc 997 ina silinda nne zilizopangwa kwa mstari mmoja, na kila silinda ina vali nne. Kwa kuwa vali zimechukua nafasi ya pembeni, plagi ililazimika kuwekwa katikati, chini ya kisima chembamba. Juu ya visima hivyo vinne limeketi tangi la petroli.

Tangi lenyewe si la kubeba kwa mkono mmoja. Hubeba zaidi ya lita 28, na kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, tangi lililojaa lina kilo 21 za mafuta pekee. Ndiyo maana mwenye busara huifanya kazi hii petroli ikikaribia kuisha. Kiti na vifuniko vya pembeni hutangulia kuondolewa, kisha mipira inayounganisha tangi na kabureta. Kila mpira utiwe alama, kwani mmoja hupitisha petroli na mwingine hupeleka mvuto wa hewa unaofungua koki. Kazi hii ifanyiwe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko na sigara.

Injini sharti iwe imepoa kabisa. Silinda hedi ni ya alumini, chuma laini ambacho kikiwa moto huharibika upesi plagi inapong'olewa kwa nguvu. Nyuzi za tundu zikikwanguka, gharama haiwi tena ya plagi bali ya kuchonga tundu upya, na pengine ya kuifungua injini nzima.

Kinachosahaulika na wengi ni usafi wa visima. Mchanga, maji na wadudu waliokufa hukusanyika humo kwa miaka. Plagi ikifunguliwa kabla ya kupulizwa hewa ya kompresa, uchafu huo wote hutumbukia ndani ya silinda na kukwaruza kuta zake. Afadhali kupuliza mara mbili: kwanza baada ya kuvua kofia za plagi, kisha tena baada ya kulegeza plagi kwa robo mzunguko.

Plagi iliyogoma isishindaniwe. Mafuta ya kulegeza kutu yamiminwe kidogo na yaachwe usiku kucha, kisha plagi izungushwe mbele na nyuma taratibu.

Zikishatoka, zipangwe kwa mpangilio wa silinda zake, maana rangi zake ni taarifa kamili ya hali ya injini. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu huashiria petroli nyingi kupita kiasi au chujio la hewa lililoziba, ilhali weusi wenye utelezi ni ishara ya oili kupenya. Weupe wa chokaa hutokana na joto jingi, na huo usipuuzwe hata kidogo.

Kurudisha ndiko kugumu zaidi, kwa sababu mkono haufiki na jicho halioni. Hapa kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa sentimita 30 hushinda spana yoyote. Kichwa cha plagi huchomekwa mpirani, plagi ikateremshwa kisimani na kuzungushwa kwa vidole. Ikiingia upande, mpira huteleza badala ya kulazimisha nyuzi. Plagi mpya yenye washa ikishakaa kwa vidole, huongezwa takriban nusu mzunguko kwa spana. Mafundi wengi huongeza tena kidogo kwa hofu ya kulegea, na hapo ndipo alumini hukatika. Kupaka grisi kwenye nyuzi hakusaidii pia, kwani huzifanya zikaze kupita kiwango bila fundi kuhisi.

Waya za koili zirudishwe kila moja mahali pake. Zikipishana, injini itatetemeka au kukataa kuwaka.

Kabla ya kufunga tangi, koki ikaguliwe. Koki mbovu huvujisha petroli polepole hadi ndani ya silinda pikipiki ikiwa imeegeshwa. Petroli haishindiliki kama hewa, hivyo anayebonyeza stata bila kujua anaweza kupinda mkono wa pistoni. Anayeshuku hali hiyo aziondoe plagi zote nne kwanza na kuiacha petroli itoke, ingawa hilo lina maana ya kulibeba tangi lile kwa mara nyingine.