Mtu Binafsi, Kiwanja na Jirani: Uliberali Mbele ya Mashimo ya Kasulo

Nadharia ya Magharibi inayomfanya mtu mmoja mmoja kuwa msingi wa siasa hufasiriwa mara nyingi kwa neno "ubinafsi". Tafsiri hiyo ina kasoro. Katika matumizi ya kila siku, mbinafsi ni mchoyo asiyewajali wenzake. Hivyo msomaji huihukumu nadharia kabla ya kuielewa. Makala haya yanaifafanua dhana hiyo kwa kuipima katika Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, Jimbo la Lualaba.

John Locke wa Uingereza, katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1689, alishikilia kwamba kila mtu anaimiliki nafsi yake, na kwa hiyo anaimiliki kazi ya mikono yake. Anayetia jasho lake katika ardhi isiyo na mwenyewe hujipatia mali, mradi awaachie wengine sehemu ya kutosha na iliyo nzuri vilevile. Dola huundwa kwa ridhaa ya watu ili izilinde haki hizo. Mwaka 1859 John Stuart Mill aliweka mpaka mwingine: jamii haina ruhusa ya kumlazimisha mtu isipokuwa kwa kuzuia madhara kwa wengine.

Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya viwanja vya Kasulo. Wakaaji wengi walichimba uani, na hata ndani ya nyumba. Kwa mtazamo wa Locke, hoja yao yaeleweka: kiwanja ni changu, jasho ni langu, basi madini ni yangu. Lakini mshipa wa madini haufuati ua. Shimo linaloanzia kwa mmoja huendelea chini ya nyumba ya mwenzake, na ukuta unaopasuka si wa aliyechimba. Hapo ndipo masharti ya Locke na Mill, ambayo husahaulika upesi kuliko haki zenyewe, yanapohitajika.

Sheria ya Kongo ilijengwa juu ya msingi mwingine. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 na sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ziliifanya ardhi kuwa mali ya Dola. Mwenye kiwanja hana haki juu ya madini yaliyo chini yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilimtambua mchimbaji mdogo kwa kadi yake binafsi, katika maeneo yaliyotengwa. Marekebisho ya mwaka 2018 yakamtaka awe mwanachama wa ushirika. Mwaka 2017 wakaaji wa sehemu ya Kasulo walihamishwa kwa fidia, eneo likazungushiwa ukuta, na kampuni ya Congo Dongfang ikapewa haki ya kununua madini yake. Mchimbaji aliyekuwa akimuuzia amtakaye akabaki na mnunuzi mmoja.

Wapo wanaodai kwamba mtu binafsi ni mgeni katika fikra za Kibantu. Kolwezi yenyewe inatoa jibu. Katika miaka ya 1950, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi, Padri Placide Tempels na waumini wake walianzisha Jamaa, wakifundisha kwa Kiswahili juu ya "umuntu", yaani utu unaokamilika katika mapendo. Mafundisho hayo hayamfuti mtu. Humwita kwa nafsi yake, kisha humkabidhi kwa mwenzake.

Kwa hiyo yafaa neno "ubinafsi" liachiwe uchoyo, na uliberali ufafanuliwe kwa mambo mawili yaendayo pamoja: haki ya mtu na haki ya jirani. Huko Kasulo, aliyekosa ya kwanza alihamishwa nyumbani kwake kwa uamuzi wa wengine. Aliyekosa ya pili aliiona nyumba yake ikipasuka kwa shimo la jirani.