Polima katika Maji ya Kuchimbia Visima

Leo neno letu jipya ni POLIMA. Someni pole pole: po-li-ma.

Ninyi wa Ubaruku mwaijua ardhi ya bonde la Usangu. Ni mchanga na udongo ulioletwa na mito tangu kale. Mpunga huipenda, lakini ukitoboa humo shimo refu jembamba, mchanga hubomoka na kulifukia kabla bomba la kisima halijateremshwa. Kwa hiyo mafundi husukuma maji mazito chini kwa mabomba ya kuchimbia. Maji hayo hupoza keekee, kisha hupanda kando yakibeba mchanga na vipande vya mawe. Tena huzikandamiza kuta zisianguke.

Wengi huyafanya maji kuwa mazito kwa udongo uitwao bentonaiti. Ni mzuri, ila hujibandika ukutani kama lipu ya nyumba. Usipooshwa vema huziba njia za maji. Ndipo watu husema, "Kisima hiki kikavu," na fedha za kijiji zimekwisha, kumbe maji yapo nyuma ya lipu!

Polima ni kitu ambacho chembe zake zimeungana kama mnyororo mrefu. Moja hutoka katika mbegu za guar, mmea wa jamii ya kunde, ulimwao sana India na Pakistani. Kidogo tu chatosha. Maji huteleza kama mlenda, na kuta hupata utando mwembamba. Kazi ikiisha, klorini huikata minyororo hiyo, maji yakawa mepesi, na uchafu wote hutolewa.

Kuikoroga kwahitaji subira, na mpikaji uji atanielewa. Unga hunyunyizwa kidogo kidogo katika maji yanayokwenda kasi. Ukimwagwa wote pamoja, hufanya madonge. Wala maji ya kukorogea yasiwe na klorini, maana minyororo itakatika mapema. Fundi hupima uzito huo kwa faneli ya Bwana Marsh wa Marekani, iliyojulikana mwaka 1931. Maji matupu, karibu lita moja, hupita kwa sekunde 26. Yenye polima hukawia.

Lakini guar ni chakula hata kwa vijidudu. Ikiachwa kisimani huoza. Basi mkiwaona mafundi wanafunga mizigo na maji bado yanateleza mkononi, waulizeni: klorini imetiwa lini, na kisima kimesafishwa kwa saa ngapi?