Mafuta ya Kahawa, Chokaa ya Hima

Kwenye barabara ya Kasese kwenda Fort Portal, malori ya saruji kutoka kiwanda cha Hima hupishana na malori ya kahawa kutoka Kitswamba na vilima vya Rwenzori. Mwenye mashine ya espreso jikoni kwake huku atakutana na mizigo hiyo miwili tena, ndani ya mashine. Kahawa itamwachia mafuta. Maji yaliyopita kwenye mawe yale yale yanayopikwa kuwa saruji yatamwachia chokaa. Mafuta yanataka dawa ya magadi, chokaa inataka asidi, na dawa ya mmoja haiugusi uchafu wa mwingine.

Tuanze na mafuta, kwa kuwa ndiyo yanayoharibu ladha mapema. Punje ya arabika, ile inayolimwa juu mlimani, ina mafuta yanayokaribia asilimia 15 ya uzito wake. Robusta ya bondeni ina kama asilimia 10. Ukichemsha kahawa kwenye birika, mafuta mengi hubaki kwenye machicha. Espreso hutumia nguvu. Pampu husukuma maji ya nyuzijoto tisini na kitu kwa mgandamizo wa baa 9, yaani kama mara tisa ya mgandamizo wa hewa, yakapenya gramu 18 za unga kwa sekunde 25 hadi 30. Sehemu ya mafuta hukamuliwa ikawa matone madogo mno, na ndiyo yanayofanya kikombe kiwe kizito ulimini. Lakini si yote yanayofika kikombeni. Mengine hunasa kwenye chujio, kwenye mpini wake, na kwenye kichwa cha mashine, mahali ambapo jicho halifiki.

Huko juu, ndani ya kichwa, kuna kisahani cha bati chenye matundu madogo kinachonyunyizia maji juu ya unga. Wengi wanaomiliki mashine hawajawahi kukiona upande wa nyuma. Subiri mashine ipoe, fungua skrubu ya katikati, na kisahani kitakudondokea mkononi. Upande wa chini huwa unang'aa kiasi. Upande wa juu, ikiwa haujaguswa kwa miezi, una utando mweusi wenye kunata, na ukiunusa unanuka kama mafuta yaliyokaangiwa maandazi wiki nzima. Hayo ni mafuta ya kahawa yaliyoungana na oksijeni kwa msaada wa joto. Kila kikombe kinapita humo. Arabika iliyooshwa vizuri, iliyochambuliwa punje kwa punje na akina mama wa Kyarumba, inamalizikia kwenye uchochoro huo, na mnywaji analaumu mkaangaji.

Dawa yake ni unga wa kusafishia mashine za kahawa, ambao mara nyingi ni magadi ya kufulia yaliyochanganywa na kemikali inayotoa oksijeni. Magadi hugeuza mafuta kuwa kitu kinachoyeyuka majini. Oksijeni huondoa weusi. Loweka kisahani na chujio katika maji moto yenye kijiko kidogo cha unga huo kwa robo saa, kisha suuza sana. Mpini wa plastiki usiuzamishe. Na kitu chochote cha alumini kikae mbali na beseni hilo, kwani magadi hukila na kukiacha cheusi.

Mashine zenye vali ya njia tatu, ile inayopiga mlio wa kupumua mara kahawa inapokoma, zina njia nyingine. Unaweka chujio lisilo na matundu pamoja na unga kidogo, unawasha pampu sekunde kumi, unazima, unarudia mara tano. Maji yakikosa pa kutokea hurudi nyuma na kuosha vali kwa ndani. Kisha fanya vivyo hivyo kwa maji matupu mpaka povu liishe. Mashine isiyo na vali hiyo usiifanyie hivyo. Mgandamizo hautakuwa na njia ya kutoka, na utakapofungua mpini utamwagikiwa na tope la moto.

Sasa chokaa. Mito kama Mubuku na Nyamwamba hushuka kutoka juu ya Rwenzori kupitia miamba migumu ambayo haitoi madini mengi, kwa hiyo maji yake ni laini. Bondeni mambo hubadilika. Hima wanachimba mawe ya chokaa, na Muhokya, kusini mwa mji wa Kasese, watu huyachoma kupata chokaa ya kupaka nyumba. Maji yanayopita ardhini hubeba kaboni dayoksaidi kutoka kwenye udongo, yanakuwa asidi dhaifu, na kuyeyusha jiwe hilo pasipo kuonekana. Ukiyapasha moto gesi hutoroka, na jiwe hurudi kuwa jiwe. Ule utando mweupe uliogandana ndani ya birika, ambao wengi huuita chumvi, ndio jiwe hilo.

Ndani ya boila madhara ni makubwa kuliko kwenye birika. Shaba ya koili inayopasha maji, madini yaliyochimbwa Kilembe tangu 1956 hadi 1982, hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko gamba la chokaa. Koili iliyovikwa gamba hujichosha na kuungua, nawe umeme unaulipia. Njia za maji ndani ya mashine ni nyembamba. Kipande kimoja kikibanduka kinatosha kuziba vali.

Kinga rahisi tunayo tayari. Nyumba nyingi za Uganda huchemsha maji ya kunywa. Yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu taratibu, na sehemu kubwa ya chokaa itakuwa imebaki sufuriani. Maji ya mvua pia ni laini, ila usiyatumie peke yake: kahawa hupwaya, na baadhi ya mashine hupima kina cha maji kwa umeme mdogo unaopita kwenye madini, hivyo zikipewa maji yasiyo na madini hudhani tangi ni tupu. Yachuje, kisha uyachanganye nusu kwa nusu na ya bomba.

Gamba likishashika, tumia asidi ya sitriki ya unga, kama vijiko viwili vikubwa kwa lita. Iyeyushe katika maji ya vuguvugu, wala usiiache ichemke kwa muda mrefu ndani ya boila, maana sitriki iliyoungana na kalsiamu huyeyuka kwa shida zaidi kwenye joto kali, ukaondoa jiwe moja na kutengeneza jingine. Siki mimi naipinga: harufu yake hukaa siku nyingi. Maji ya limao yana asidi hiyo hiyo, lakini yana sukari na nyuzi, kwa hiyo yatumie kuloweka vifaa vya nje tu. Ukimaliza, pitisha matangi mawili ya maji safi kisha uonje yanayotoka. Yakiwa bado machachu, endelea.

Bomba la mvuke halina siri. Lipanguse kwa kitambaa kibichi mara utoapo maziwa, halafu uachie mvuke kidogo, kwa sababu bomba likipoa hufyonza maziwa ndani.

Ukinunua mashine iliyotumika, omba kwanza kufungua kisahani kile, minya raba ya kichwani kwa ukucha uone kama imekauka ikawa ngumu, na uliza boila ni ya chuma gani. Ya alumini itahitaji asidi hafifu zaidi na muda mfupi. Muuzaji asipojua, shusha bei.