Anna May Wong na Miaka ya Sinema Bubu: Sehemu ya Kwanza

Sinema bubu, yaani picha zinazotembea ambazo hazikuwa na sauti iliyonaswa pamoja nazo, ndizo zilizotawala kumbi za dunia tangu mwisho wa karne ya 19 hadi karibu mwaka 1929, na katika kipindi hicho mwigizaji alimfikia mtazamaji kwa uso, mikono na mwendo wake tu. Maneno machache yaliyohitajika yaliandikwa kwenye vibao vilivyopigwa picha na kupachikwa katikati ya matukio, huku mpiga kinanda au bendi nzima ikitumbuiza ukumbini. Kwa kuwa vibao hivyo viliweza kuondolewa na kuwekwa vingine vya lugha yoyote, filamu iliyotengenezwa Los Angeles ilieleweka Berlin sawasawa na ilivyoeleweka kwao. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayesoma maisha ya Anna May Wong, Mmarekani wa asili ya Kichina aliyejulikana duniani katika miaka hiyo, kwani sanaa yenyewe haikumwekea mpaka wowote. Mipaka aliyokutana nayo iliwekwa na ubaguzi wa rangi, katika sheria na katika desturi, nayo ikapenya hadi ndani ya hadithi alizopewa kuigiza.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905, akaitwa Wong Liu Tsong kwa jina la Kichina. Baba yake, ambaye naye alizaliwa California, alikuwa dobi, na watoto wa nyumba hiyo walikua kati ya mvuke, pasi na mafurushi ya nguo za wateja. Tangu mwaka 1882 Marekani ilikuwa na sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, sheria ambayo haikufutwa hadi 1943, na Wachina waliokwisha kuwamo walitazamwa kama wageni hata walipokuwa wazaliwa wa pale pale. Anna May na dada yake walidhihakiwa na wenzao shuleni kwa sababu ya asili yao, mpaka wazazi wakawahamishia katika shule ya misheni ya Wachina. Faraja yake ilikuwa sinema. Alitoroka masomo na kutumia hela ya chakula cha mchana kulipia kiingilio, na watengenezaji wa filamu walipokuja kupiga picha katika mtaa wa Wachina, alisimama kando akiwaangalia na kuwauliza maswali.

Mwaka 1919 kampuni iliyokuwa ikitengeneza filamu ya The Red Lantern ilihitaji wanawake 300 wa kuonekana katika umati, na msichana huyo wa miaka 14 akapata nafasi ya kupita mbele ya kamera akiwa amebeba taa, bila jina lake kutajwa popote. Mhusika mkuu wa filamu hiyo, mwanamke mwenye damu ya Kichina na ya Kizungu, aliigizwa na Alla Nazimova, aliyekuwa mzaliwa wa Urusi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Hollywood: Mzungu alipakwa vipodozi, akabadilishwa umbo la macho, kisha akaitwa Mchina, ilhali Wachina wenyewe walijaza umati nyuma yake. Miaka miwili baadaye, katika Bits of Life, Anna May aliigiza mke wa Mchina, na mume huyo akawa Lon Chaney, Mzungu aliyesifika kwa ustadi wa kujigeuza sura.

Mazoea hayo hayakutokana na uhaba wa waigizaji. Sheria ya California ilikataza ndoa kati ya Wazungu na Wachina hadi 1948, na watengenezaji filamu waliogopa kuonyesha kwenye turubai mapenzi ambayo sheria haikuyatambua mitaani. Kwa hiyo kisa cha mapenzi kati ya Mzungu na mwanamke wa Kichina kiliwezekana kwa njia mbili: ama mwanamke huyo aigizwe na Mzungu mwenzake, ama hadithi imuue kabla ya mapenzi hayo kutulia.

Njia hiyo ya pili ndiyo iliyompa Anna May nafasi yake ya kwanza ya mhusika mkuu, alipokuwa na miaka 17. The Toll of the Sea ya mwaka 1922 ilitengenezwa hasa ili kuonyesha ufundi mpya wa rangi wa kampuni ya Technicolor. Kamera iligawa mwanga uliopita katika lenzi, sehemu moja ikapita kwenye kichujio chekundu na nyingine kwenye cha kijani. Kisha kanda mbili nyembamba zilizotokana na picha hizo zilitiwa rangi na kugandishwa mgongo kwa mgongo, zikawa kanda moja iliyoweza kuonyeshwa kwa mashine ya kawaida. Katika kisa chenyewe, Lotus Flower, anayeigizwa na Anna May, anamwokoa Mmarekani kutoka baharini, anaolewa naye kwa mila za Kichina, anaachwa, na hatimaye mwanamume anarudi akiwa na mke wa Kizungu. Lotus Flower anaamua kumkabidhi mwanawe kwa mke huyo, na ili mtoto akubali kwenda, anamwambia kwamba yule mgeni ndiye mama yake halisi na kwamba yeye alikuwa yaya tu. Kisha bahari inamchukua. Kwa kipimo cha sinema ya wakati ule, ambayo mara nyingi ilipenda mikono kurushwa hewani na macho kutolewa, utulivu wa msichana huyu unastaajabisha, maana huzuni yake imebaki usoni na haikuhitaji ishara kubwa.

Baada ya hapo ilitarajiwa kwamba milango ingefunguka, lakini alivishwa kilemba cha ukoka. Mwaka 1924 aliigiza mtumwa wa Kimongolia katika The Thief of Bagdad ya mwigizaji Douglas Fairbanks, na ingawa sehemu yake ilikuwa ndogo, ilimtangaza kote. Hata hivyo mwaka 1927, Mr. Wu ilipotengenezwa, Lon Chaney aliigiza Mchina kwa mara nyingine, binti wa Mchina huyo akawa Renée Adorée, mzaliwa wa Ufaransa, na Anna May akawekwa pembeni katika kisa cha watu wa asili yake mwenyewe.

Mwaka 1928 alisafiri kwenda Ujerumani, akiwa amelazimika kwanza, kama Wamarekani wote wa asili ya Kichina, kujaza fomu maalumu ili aruhusiwe kurudi katika nchi aliyozaliwa. Berlin ilimpokea kwa heshima; mwanafalsafa Walter Benjamin alimhoji na kuandika habari zake, na mwongozaji Richard Eichberg akampa nafasi ya mhusika mkuu katika filamu ya Song. Hata huko, hadithi ilimalizika kwa kifo cha mhusika wake.

Kazi yake iliyo bora kuliko zote za enzi hii ilifanyika Uingereza. Katika Piccadilly ya mwaka 1929, iliyoongozwa na E. A. Dupont, mteja wa klabu ya anasa jijini London analalamikia sahani chafu, na mwenye klabu anashuka jikoni kutafuta chanzo. Huko anamkuta Shosho, mwosha vyombo, akicheza ngoma juu ya meza mbele ya wenzake walioacha kazi ili wamtazame, soksi zake zikiwa zimetatuka. Anna May anaitingisha nyonga polepole, mikono ikifuata kama iliyo majini, wala hamtafuti mtu kwa macho. Mwigizaji Gilda Gray ndiye aliyetajwa kwanza katika matangazo ya filamu, lakini tangu tukio hilo la jikoni filamu ni ya Anna May. Shosho naye anauawa.

Sauti ilipoingia, nyota kadhaa wa Ulaya na Marekani walipoteza kazi. Lakini Anna May aliigiza katika filamu ya sauti ya Hai-Tang mwaka 1930 kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Sehemu ya pili itaeleza kurudi kwake Hollywood na namna alivyonyimwa nafasi ya mhusika mkuu katika filamu ya The Good Earth. Kwa sasa msomaji anaombwa aitafute Piccadilly, ambayo imehifadhiwa na kukarabatiwa, aitazame hadi pale mwenye klabu anaposhuka jikoni, kisha aamue mwenyewe ni nani aliyestahili jina lake kutangulia.