Ulimi Peke Yake Hautoshi

Mimi mvinyo sinywi. Nilikwenda Austria kutazama kazi ya watu. Katika bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems, nilifuatana na mwonjaji kando ya mto Danube. Mizabibu humo hupandwa juu ya matuta ya mawe yaliyopangwa kwa mkono bila ya saruji. Kila ghala tuliloingia, fundi huyu alitazama rangi, akanusa, akasukutua, kisha akatema ndooni. Kunywa si kazi yake. Kazi yake ni kupima.

Lakini ulimi nao huhadaika. Mwaka 1985 iligunduliwa kwamba baadhi ya wafanyabiashara walitia dawa ya daiethilini glaikoli ili mvinyo uonekane mzito na mtamu. Maabara ndizo zilizothibitisha. Nchi kadhaa zikaupiga marufuku mvinyo wa Austria, na mkulima mwaminifu akaumia pamoja na mwongo.

Mwaka huo huo ikapitishwa sheria kali. Leo mvinyo wa daraja la juu huonjwa na kupimwa maabara, ndipo upewe namba ya serikali.

Wahenga walinena: samaki mmoja akioza, huoza wote. Msomaji, hayo si ya mvinyo tu. Ni ya kila auzaye kwa jina la nchi yake.